Edward Moringe Sokoine: Mtumishi Aliyefia Njiani Kwetu



Kila mmoja wetu aliyetoka Msowero kwenda Morogoro mjini anaijua njia. Unapanda gari hadi Dumila, unaingia barabara kuu itokayo Dodoma, na kabla hujafika Msamvu unapita Wami Dakawa. Wengi tunapita pale tumesinzia, au tunahesabu nauli na mahitaji ya mjini. Lakini ni katika eneo hilo, Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984, alipofia Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Moringe Sokoine, akiwa na umri wa miaka 45. Kijiji cha pale leo kinaitwa Wami Sokoine. Ukifika Morogoro unalikuta jina hilo tena kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho wengi wetu tunakiita SUA.

Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya tabia ya kiongozi mtumishi, kwa jinsi sisi Wakristo tunavyoifahamu. Ningeweza kwenda Mamboya au Berega nikachagua mmoja wa wamisionari wa zamani. Nimemchagua Sokoine kwa sababu mbili. Kwanza, alifia njiani kwetu, na watoto wetu wanalijua jina lake bila kuyajua maisha yake. Pili, mimi ni mhasibu, na maisha yake yanagusa swali linalotusumbua kila bahasha ya michango inapopita: nani tumwamini na fedha yetu, na tutamtambuaje?

Mtoto wa wafugaji

Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 huko Monduli, mkoani Arusha, katika jamii ya Wamaasai. Alisoma shule Monduli kuanzia mwaka 1948, kisha akaendelea Umbwe, Kilimanjaro. Siku zile kumpeleka mtoto wa kiume shuleni lilikuwa jambo zito kwa mfugaji, maana mtoto ndiye mchungaji, na ng'ombe hawasubiri likizo. Wazee wetu Wakaguru na Wasagara wanalielewa hilo, kwa kuwa nao waliwahi kuchagua nani aende shule na nani abaki kuwinga ndege shambani.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, alijiunga na TANU. Mwaka 1962 hadi 1963 alikuwa Ujerumani akisomea uongozi na utawala. Aliporudi alifanya kazi ya utendaji katika wilaya ya Wamaasai, kazi ya kuzunguka vijijini, kusikiliza mashauri ya maji, malisho na shule, na kurudi na majibu. Mwaka 1965 wananchi walimchagua kuwa mbunge. Alikuwa na miaka 27.

Baada ya hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 1967 akawa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi. Mwaka 1970 akawa Waziri wa Nchi. Mwaka 1972 akapewa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Februari 1977 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu, akipokea kiti kutoka kwa mzee Rashidi Kawawa. Alikuwa na miaka 38.

Mtu anaweza kuzisoma tarehe hizo akaona bahati tu. Mimi naona jambo jingine. Kila ngazi aliyoipanda ilikuwa na kazi nyingi kuliko heshima. Bwana Yesu aliwafundisha wanafunzi wake kwamba wakubwa wa mataifa hujifanya mabwana, lakini kwao atakayetaka kuwa wa kwanza na awe mtumwa wa wote. Mafundisho hayo tunayasikia sana kanisani. Ugumu wake unaonekana mtu anapopewa ofisi, gari na mlinzi, kisha akatakiwa aendelee kujiona mtumishi.

Miaka ya dhiki

Sokoine hakupokea uwaziri mkuu wakati wa neema. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Nchi nzima iliingia vitani, na kazi ya kukusanya magari, chakula na mahitaji mengine ya nyuma ya jeshi iliiangukia serikali aliyokuwa akiisimamia. Kampala ilianguka Aprili 1979. Tulishinda, lakini hazina ilibaki tupu, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tena.

Novemba 1980 Sokoine aliacha uwaziri mkuu kwa sababu ya afya, na nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya. Alikuwa na miaka 42 tu. Tukio hilo hutajwa kwa sentensi moja tu, lakini kwangu lina uzito. Wapo viongozi wa vyama vya ushirika, wa misikiti, wa makanisa na hata wa vikundi vya kuzikana ambao hawawezi kukaa benchi hata wakiugua. Huona kwamba kiti kikitoka, na wao wamekwisha. Mtumishi hujua kwamba kazi ni ya mwenye shamba, na kwamba mwingine anaweza kulishika jembe siku anapoumwa.

Februari 1983 aliitwa tena kushika nafasi ileile, akaitika. Hali ilikuwa mbaya kuliko alivyoiacha. Wenye umri wanakumbuka foleni za sukari, sabuni, mafuta ya kula na khanga. Wanakumbuka mtu kusafiri kutwa nzima kwa kusikia tu kwamba duka fulani limepata unga. Na wakati wananchi wakipanga foleni, baadhi ya wenye vyeo na wenye fedha walikuwa na bidhaa hizohizo zimejaa ghalani.

Mwezi Machi 1983 serikali ilianza kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, na Sokoine akawa mbele ya kazi hiyo. Maghala yalifunguliwa. Bidhaa zilizofichwa zilionekana, na watu wengine walizitupa vichakani na mitoni usiku ili zisikutwe kwao. Mwananchi wa kawaida alifarijika kuona kwamba kumbe sheria inaweza kugonga hata mlango wa mwenye nacho. Hapo ndipo jina la Sokoine lilipoingia mioyoni mwa watu na kukaa.

Mwaka huohuo, usafiri Dar es Salaam ulikuwa umezorota kwa sababu shirika la UDA halikuwa na mabasi ya kutosha. Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na ndiyo asili ya neno daladala. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha upande wa pili wa serikali ile. Ilikuwa serikali ya kijamaa, lakini ilipoona kwamba mama anatembea kwa miguu kutoka hospitali, ilikubali kulegeza utaratibu wake.

Kipimo cha Samweli

Katika Agano la Kale, nabii Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Waisraeli wote akawataka wamshuhudie kama aliwahi kumnyang'anya mtu ng'ombe wake au punda wake, au kupokea rushwa apofushe macho. Watu wakajibu kwamba hakumdhulumu yeyote. Kwa lugha ya kazi yangu, Samweli alijifanyia ukaguzi wa hesabu hadharani, na wakaguzi walikuwa wananchi wenyewe.

Yupo pia Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda wakati wa kujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Sheria ilimruhusu kula posho ya liwali. Hakuichukua, kwa kuwa aliona mzigo wa watu ni mkubwa. Wala hakujinunulia mashamba, ingawa watu wenye njaa walikuwa wakiyaweka rehani. Alisimama na wajenzi ukutani.

Sokoine tunamkumbuka kwa kipimo hicho. Alikaa serikalini karibu miaka 17, na ndani yake alishika wizara yenye bajeti ya jeshi na kiti cha pili kwa uzito katika utendaji wa serikali. Alipokufa, hakuacha sifa ya kujilimbikizia mali. Wananchi waliomlilia walimlilia kama mtu ambaye hakuchukua ng'ombe wa mtu. Kwa mtoto wa mfugaji, anayejua ng'ombe ni nini, sifa hiyo ni kubwa.

Sisi wahasibu tunajua kwamba fedha ya umma haiibwi kwa siku moja. Huanza na mkopo mdogo wa kurudisha mwisho wa mwezi. Kisha stakabadhi inapotea. Kisha mwenyekiti anaomba asaidiwe kidogo, naye mweka hazina anaona aibu kumkatalia. Kinachomlinda mtu katika hatua hizo tatu ni tabia aliyokwisha kuijenga kabla hajapewa ufunguo wa kasha. Yesu alifundisha hivyo aliposema habari za mtu aliye mwaminifu katika lililo dogo. Uwakili ndilo neno linalotumika kanisani kwa jambo hili. Ndugu zetu Waislamu wanaliita amana. Maneno ni mawili na hukumu ni moja.

Palipopinda

Nisimwandike Sokoine kama malaika. Maandiko Matakatifu yenyewe hayakuficha makosa ya Daudi wala ya Petro, na sisi hatuna sababu ya kuficha ya viongozi wetu.

Sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1983 ilikuwa kali mno. Waliokamatwa walinyimwa dhamana, na mbele ya baraza lililowasikiliza hawakuruhusiwa kuwa na mwanasheria wa kuwatetea. Pamoja na walanguzi wakubwa walikamatwa wachuuzi wadogo, na wapo waliowekwa ndani kwa chuki ya jirani tu. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilibadilishwa na kuwekwa nyingine. Mwaka huohuo wa 1983 ilitungwa pia sheria ya nguvu kazi. Watu wa mijini walioonekana hawana kazi walikusanywa na kupelekwa vijijini, na kati yao walikuwamo waliokuwa wakijitafutia riziki kwa jasho lao halali.

Somo kwetu ni kwamba bidii ya kutetea maskini inaweza kumkanyaga maskini mwenyewe isipopewa muda wa kusikiliza. Uaminifu wa kiongozi hauondoi haja ya utaratibu. Hata mtu mnyofu akishika upanga bila kuulizwa, upanga utakata na asiye na hatia. Ndiyo maana katika chama chetu tusitafute tu mtu mwema tukampa kila kitu tukaenda kulala. Tumtafute mtu mwema, kisha tumwekee daftari, stakabadhi, sahihi mbili na mkutano wa kumsikiliza. Kufanya hivyo ni kumsaidia, wala si kumdharau.

Siku ya Dakawa

Mwezi Aprili 1984 Sokoine alikuwa Dodoma kwenye kikao cha Bunge. Ilikuwa Kwaresima, siku kumi kabla ya Pasaka. Tarehe 12 aliondoka kwa gari kurudi Dar es Salaam. Alipita Gairo, akapita Dumila pale panapoanza njia ya kwetu, akaendelea. Katika eneo la Dakawa gari lililokuwa likitokea mbele liligongana na gari lake, na maisha yake yakakoma.

Aliyekuwa akiliendesha gari hilo la pili alikuwa kijana mkimbizi wa Afrika Kusini. Siku zile Tanzania ilikuwa imewapa wapigania uhuru wa ANC ardhi Mazimbu na Dakawa, wajenge shule na makazi yao wakati nchi yao ikiwa bado chini ya ubaguzi. Sokoine mwenyewe alikuwa Waziri wa Ulinzi katika miaka ambayo nchi yetu ilijitoa sana kwa ajili ya ukombozi wa wenzetu wa kusini. Maneno mengi yamesemwa tangu siku ile juu ya ajali hiyo. Mimi siyajui zaidi ya hayo na sitaongeza.

Jioni hiyo Mwalimu Nyerere aliwatangazia wananchi msiba huo kwenye Redio Tanzania, kwa sauti ya huzuni ambayo waliomsikia hawajaisahau. Mwili ulizikwa Monduli Juu. Julai mwaka huo kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilifanywa chuo kikuu kamili na kupewa jina lake.

Kwa nini Mmaasai katika jarida letu

Najua wapo watakaojiuliza swali hili kimoyomoyo, kwa hiyo ni heri niliseme wazi. Sisi ni watu wa mahindi, mpunga na ufuta. Tunajua mateso ya kuamka asubuhi ukakuta shamba limelishwa. Na wenzetu wafugaji wanajua uchungu wa kukatiwa njia ya kufika mtoni, au kukuta ng'ombe amekatwa panga. Hakuna mtu wa Kilosa aliyesahau Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, jirani zetu kabisa, watu 38 walipouawa. Tangu hapo tumezika wengine, na wao wamezika wao.

Mwanasheria mmoja alipomwuliza Yesu jirani yake ni nani, alipewa mfano wa mtu aliyepigwa njiani akaachwa nusu mfu. Aliyemhurumia hakuwa kuhani wala Mlawi. Alikuwa Msamaria, mtu wa kabila ambalo msikilizaji alilichukia. Nafikiri Yesu angehadithia Kilosa, angechagua vilevile. Mkulima angeambiwa habari za Mmaasai mwema, na Mmaasai angeambiwa habari za Mkaguru mwema, kila mmoja aondoke akiwa na kazi ya kufanya.

Sokoine alitoka kwa wafugaji, lakini jina lake limekaa kwenye chuo kinachofundisha kilimo na tiba ya mifugo chini ya paa moja. Mtaalamu wa mbegu na daktari wa ng'ombe wanatoka lango lilelile. Kama jambo hilo limewezekana Morogoro, haliwezi kushindikana kwetu. Napenda kuona siku ambayo orodha ya wachangiaji wa chama chetu ina majina ya wakulima na ya wafugaji wanaoishi nasi, kwa sababu zahanati haiulizi mgonjwa amekuja na jembe au na fimbo, na kisima kikichimbwa maji yake hayana kabila.

Tunachoombwa

Ndugu zangu, karibu kila mmoja wetu amewahi kuchangia jambo ambalo hesabu zake hazikusomwa kamwe. Ndiyo maana wengine mkiombwa mchango mnajibu kwamba mtaangalia. Siwalaumu. Imani iliyovunjwa haitengenezwi kwa hotuba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa pamoja, na lisipokelewe moja bila jingine. La kwanza, tuchange. Anayeweza kutoa laki atoe laki, na bibi mwenye debe la mahindi alete debe lake, liandikwe kwa jina lake. Yule mjane wa kwenye Injili alitoa senti mbili, na Yesu alimhesabu kuwa ametoa kuliko wote. La pili, tuulize. Kila aliyetoa adai stakabadhi. Kila mwaka hesabu zisomwe mbele ya mkutano nyumbani Msowero, si kwa wajumbe wa mjini peke yao, na zibandikwe mahali ambapo hata asiyehudhuria atazisoma. Mimi na wenzangu tulioshika madaftari tuko tayari kusimama kama Samweli na kuulizwa tumechukua ng'ombe wa nani. Siku tutakapokasirika kwa kuulizwa, mjue kwamba tumeacha kuwa watumishi, na mtuondoe.

Safari nyingine utakapopita Wami Sokoine ukielekea Morogoro, usisinzie. Mwoneshe mtoto wako mahali pale. Mwambie kwamba hapa alifia mtu aliyepewa madaraka makubwa akiwa kijana, aliyekosea katika baadhi ya mambo, na ambaye watu walipomzika hawakumdai kitu. Kisha ukirudi nyumbani, angalia kama na wewe hudaiwi na jirani, na na chama, na na Mungu.

Mungu awabariki wote, na aibariki Msowero.